Maji Yaliyotetemeka Shingoni

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa ukimya wake. Ilikuwa miaka ya tisini, hapa hapa Mji wa Kale, na mafundi walikuwa wakitutengenezea dari. Boriti zilirundikwa uani. Baada ya alasiri mdogo wangu Mwanahawa akaenda kuchukua kuni nyuma ya zile boriti, akarudi amekunja uso. "Dada, fira kaniuma." Hata kulia hakulia.

Wanaume wakamuua yule nyoka, wakamchoma moto papo hapo, kichwa hadi mkia, maana tuliamini mwenzake angemfuata. Mama akaleta jiwe jeusi la nyoka, akalibandika kwenye jeraha. Likashika, kisha likaanguka lenyewe. "Limeshiba," mama akasema, "sumu imetoka." Sote tukashusha pumzi. Kumbe yeye anaondoka huku tunamtazama.

Kope zikamwangukia. Ulimi ukawa mzito, mate yakamtoka pembeni mwa mdomo. Magharibi ilipoadhiniwa alikuwa kimya, ukimwinua mkono unaanguka. Niliweka sikio puani pake, sikusikia kitu. Mama akamfunga kidevu kwa kitambaa, wakaenda kumwita Bi Rukia wa Bondeni, aliyekuwa akiosha maiti za wanawake tangu mimi sijavunja ungo.

Bi Rukia alikuwa mtu wa mzaha, hata kazini. Siku hiyo alimimina maji mara moja tu, akasimama na kata mkononi. Maji yalikuwa yametuama katika kishimo cha shingo ya Mwanahawa, na yalikuwa yakitetemeka. Milango tumeifunga, mwanangu, hapana upepo. Tuliyatazama yale maji.

"Huyu si wangu," Bi Rukia akasema polepole. Halafu akatufokea: "Mna haraka gani na kaburi, mna miadi nalo? Mbebeni!"

Hospitalini muuguzi mmoja Mtaita, jina lake Mkamburi, akamwekea mpira wa hewa mdomoni, akawa anauminya kwa mkono. Akichoka, nampokea. "Dawa tuliyo nayo imetengenezwa kwa nyoka wa nchi za mbali," akaniambia. "Huyu wenu haimjui vizuri. Wewe minya tu, dada." Nikaminya hadi vidole vikafa ganzi. Asubuhi kidole kimoja cha Mwanahawa kikagusa changu.

Alipoweza kusema, neno la kwanza lilikuwa: "Bi Rukia, maji yako baridi." Tulicheka, kisha kicheko kikatukauka. Alikuwa amesikia yote: jiwe likianguka, vilio, mama akiuliza sanda iko wapi.

Tuliporudi nyumbani akaja Kalume, Mgiriama aliyekuwa akikamata nyoka na kuwakamua sumu kwa ajili ya watengenezaji dawa. Watoto walikuwa wakimkimbia. Alitueleza kwamba farasi hudungwa sumu ile kidogo kidogo, mpaka damu yake ijifunze kupigana nayo, na katika damu hiyo ndimo inamotoka dawa. Akaomba kumwona fira wetu. Nikamwonyesha majivu.

"Mmechoma dawa," akasema.

Ndipo Mwanahawa, kope zake bado nzito, akanong'ona: "Mwenzake yumo mle kwenye boriti. Namsikia."

Kalume akaziondoa boriti moja moja. Chini kabisa alikuwapo, amejikunja, akainua kichwa na kutanua shingo. Mama akashika mchi ampige. Mwanahawa akamzuia mkono. Nyoka alipokwisha kuingia kiguniani mwa Kalume, mdogo wangu akamwambia, "Nenda ukalipe."

Basi mwanangu, nyoka akimuuma mtu, weka mbali jiwe na wembe wa kuchanja. Mlaze, asitembee, mbebeni upesi hospitali. Ukimwona amenyamaza, usiuamini huo ukimya. Mpelekeni hivyo hivyo. Na anayetafuta dawa akibisha hodi uani kwako, usimfukuze kwa kuogopa kigunia chake. Dawa itatujuaje sisi, ikiwa nyoka wetu haiwajui?

Mwanahawa yu hai. Akilala mchana, hadi leo, mimi huenda kumtazama shingoni.

Mungu akukinge na hatari isiyo na sauti, akupe pumzi ndefu, na siku macho yako yakishindwa kufunguka, akuletee mtu wa kukutazama mara ya pili.