Tuliongea kupitia mtoto

Wapendwa, leo mume wangu ameniongelesha mwenyewe.

Miaka mingi tulikuwa tunaongea kupitia binti yetu Neema. "Mwambie baba chakula kiko tayari." Neema akaenda bodingi, nyumba ikanyamaza.

Ndiyo leo tukaenda mtaa wa Mengo, kwa mama mshauri wa ndoa.

Baba Neema akamwambia, "Mwambie huyu mama..."

Mshauri akamkatiza: "Baba, mimi si mtoto wenu. Mgeukie."

Akanigeukia.

"Mama Neema, nimechoka. Nataka kurudi kwetu Bukavu, peke yangu."

Na mimi niliyekuwa nafunga na kuomba Mungu amfungue kinywa!

Sasa yuko sebuleni anangoja jibu. Mimi niko jikoni.

Nyinyi mliowahi kwenda kwa mshauri mapema, mlianzia wapi kuongea?