Kimeta Kilipoingia Msibani

Siku yangu ya kwanza kazini, Daktari wa Mifugo wa Wilaya alinikalisha mbele ya hadubini kabla hata sijaonyeshwa meza yangu. Kwenye kioo kulikuwa na damu ya ng'ombe iliyokaushwa na kutiwa rangi. Niliona vijiti vya buluu vimeungana kama pingili za muwa.

"Hicho ni kimeta," alisema. "Ng'ombe akifa ghafla na damu yake isigande, usimchane. Bakteria hawa wakipata hewa hujivika ganda, wakalala udongoni miaka mingi. Toa damu kidogo sikioni, kisha mzike kwenye shimo refu na chokaa."

Nilianzia Kasumulu, nikikagua mifugo inayovuka mto Songwe mpakani. Huko nilikutana zaidi na choa, ugonjwa wa kuvu unaoacha mabaka ya mviringo kwenye ngozi. Humchakaza ndama, mara chache humuua. Kisha nikahamishiwa Ngana, ambako waliniita bwana mifugo ingawa ni mwanamke.

Mwaka mmoja, mafuriko yalipopungua na ng'ombe wakarudi malishoni, mkulima wa kakao aitwaye Anyitike alifiwa na mama yake. Asubuhi ya maziko, ng'ombe wa kuchinja msibani alikutwa amekufa zizini. Nilimkuta damu nyeusi ikimtoka puani, mwili haujakakamaa.

"Kaka Anyitike, huyu asiguswe," nilimwambia. "Tuchimbe shimo."

"Watu wamekuja kwa mtumbwi kutoka Ikombe kumzika mama yangu. Niwape ndizi tupu?"

"Wape ndizi, kaka."

"Ndaga," akasema. Kwao ni asante. Nikaelewa kwamba nimefukuzwa kwa heshima.

Nilikimbilia kwa mwenyekiti wa kijiji. Tuliporudi, ng'ombe alikwisha kuchunwa. Anyitike ndiye aliyeshika kisu, mikono yake ina mikwaruzo ya kupogolea kakao. Tulizuia masufuria yasiinjikwe, tukaifukia nyama mbele ya waombolezaji. Mwanamke mmoja aliniuliza kama kwetu huwa hatufiwi.

Siku chache baadaye Anyitike alitoka kipele mkononi. Nilikwenda kwake nikakuta kimekuwa kidonda cheusi katikati, kimezungukwa na uvimbe.

"Twende hospitali. Dawa ipo."

"Hakiumi," alisema.

Ndivyo kidonda cha kimeta kilivyo: hakiumi, na mtu hukidharau. Nilirudi tena na tena, naye akawa anajificha shambani. Alipokubali kupelekwa, uvimbe ulikuwa umefika shingoni. Hakurudi.

Kwenye msiba wake, mjane wake Tusekile aliniita kabla hawajamgusa ng'ombe.

"Mkague kwanza," alisema.

Nilimpima joto, nikatazama macho na pua. Alikuwa mzima. Wakachinja, nikakagua na nyama. Ilipoiva, sahani ya kwanza ikaletwa kwangu, na hakuna mtu aliyekula mpaka nilipomeza.

Sasa nimestaafu. Wataalamu wapya huniuliza niliacha nini Ngana, nami huwaambia kwamba watu wa kule hawachinji tena kabla ya ukaguzi. Ni kweli, na viongozi wangu walinipongeza kwa elimu niliyotoa. Lakini elimu niliitoa asubuhi ile zizini, na haikupokelewa. Kilichopokelewa ni kaburi la Anyitike.

Tusekile hukutana nami sokoni Kyela. Hunisalimu kwa adabu zote, akaniulizia watoto, kisha hupita. Sijawahi kumwomba asimame.