Mama Anayetoa Nyigu

Jirani yangu hapa Kitale hutoa nyigu alfajiri tu, wakiwa bado wamelegea kwa baridi. Siku moja walikuwa wamejenga juu ya mlango wa stoo yangu, na lori la kubeba mahindi lilikuwa njiani kutoka mji wa Kwanza. Kwa mikono mitupu, akiimba puani wimbo wa kanisa, alikivika kiota gunia, akalisokota mdomo. "Pesa sitaki, jirani. Nipe kiota, kuku wangu wale vibuu." Nikakubali upesi, asije akabadili nia. Nyigu mmoja alikuwa amebaki kidoleni mwake. Akampuliza taratibu kuelekea paa langu. "Mama, mbona unamwachilia?" "Si kuku watataka kula tena, bana!" Tulikuwa tungali tunacheka lori lilipopiga honi.