Mupepo ya Kalaba

Mu mwaka wa 1951, mvua ikianza, Laurentine alikufa ku lopitali ya kambi ya mugodi, pembeni ya Elisabethville. Bwana yake, Zéphirin Kalaba, aliishi naye miaka makumi mbili na sita. Siku ya kilio Kalaba hakupiga kelele. Alikaa chini ku mukeka. Bantu balisema: huyu, machozi yake inatiririka ndani.

Ku ukoo ya Laurentine, bantu ya Luapula, mwanaume mwenye bibi yake amekufa iko na lufu, ni kusema kifo, mu mubiri. Hashike mukono ya muntu. Hawashie benzake moto. Anangojea mupaka ndugu ya marehemu amufunge ushanga mweupe ku mukono ya kuume, na kumuambia marehemu: enda sasa, tumemuachisha bwana yako. Pale njo anarudia kuwa muntu kati ya bantu.

Siku ya tatu Delphine, mudogo ya Laurentine, alikuya na ushanga mu kitambaa. Delphine ni mulamu ya Kalaba, na mulamu iko na ruhusa ya kutania hata mu kilio.

— Bamulamu, leteni mukono. Ao munataka nibafunge na kamba ya mbuzi?

— Bado, Delphine.

— Bado ya nini? Bazee ya Luapula balinituma mie. Hakuna mwingine atakuya.

— Ukinifunga, ataenda.

— Lazima aende!

— Njo ile sitaki.

Delphine alimuangalia, utani ikamuisha mu kinywa. Alirudisha ushanga mu kitambaa, akafunga kitambaa ku ncha ya kikwembe yenye alivaa.

Kampuni ya mugodi ilimupa Kalaba siku tatu tu. Siku ya ine, shefu alituma kapita, musimamizi ya kazi: Kalaba arudi ku mashini, ao atoke mu nyumba ya kambi. Kalaba aliangalia ile nyumba. Udongo ya mulango Laurentine aliipaka na mikono yake. Kutoka mule ni kumuacha. Kufungwa ushanga, vilevile ni kumuacha. Alivaa koti ya mikono mirefu, akaenda ku kazi bila kufungwa.

Kazi yake ilikuwa mashini ya mupepo, ku mulango ya mugodi. Mwenye hajaijua anasikia kelele tu. Lakini mashini ile inakula kama muntu. Inavuta mupepo ya inje, inaiminya mu tumbo ya kwanza. Mupepo ikiminywa inakasirika, inakuwa moto. Basi inapitishwa mu tuyo, mabomba zenye zimezungukwa na maji, ipole. Kiisha inaingia mu tumbo ya pili, ndogo na kali, inaminywa tena. Ikitoka pale inalala mu tanki kubwa ya chuma, na kutoka mu tanki inashuka na tuyo mupaka chini, ku bantu. Kule njo inasukuma marto, nyundo zile za kutoboa jiwe. Marto ikiisha kupiga inatema mupepo mu uso ya mwenye kuishika, naye anaivuta mu pua. Bantu ya chini balikuwa banasema: shiye tunakula mara mbili, bukari ya bibi na mupepo ya Kalaba.

Maji ikikosa, tumbo ya pili inawaka mafuta, tuyo inaweza kupasuka. Kwa ile, mwenye mashini haiache. Akiiwasha asubuhi, iko yake mupaka mwenzake amupokee.

Bantu ya chini balimuona amerudi, hawakuuliza kitu. Nani angeshika kazi ya benzake na lufu mu mubiri? Balijiambia: amefungwa. Mutale, mukubwa ya bapiga-marto, alipita ku dirisha, akapaza sauti:

— Baba Kalaba! Utupe mupepo ya nguvu leo, si ile ya kuhema mugonjwa!

Kalaba aliinua mukono ya kushoto. Ya kuume ilibaki mu koti.

Hivi siku zikapita, wiki mbili. Mu nyumba ya mashini kulikuwa moto ya kuivisha muhogo, naye mu koti. Jasho ilimutoka, hakuthubutu kuivua. Hakuthubutu vilevile kukaa na benzake saa ya kula. Akienda nyumbani anamukuta Laurentine mu kila pembe, mwenye hasemi. Akienda ku kazi anakuta uongo yake. Kila siku ya mungu Delphine alikuya, akakaa ku mulango, akasema: leo? Naye: bado.

Siku moja ya wiki ya tatu mvua ilileta matope mu maji ya kupoza. Robine, ile ya kufungulia maji, ilianza kuziba. Kalaba alipunguza mbio ya mashini, akashika robine na mukono ya kuume: fungula, rudisha kidogo, gonga, fungula. Maji ya moto ikamurukia, ikalowesha koti. Aliivuta mukono ya koti mupaka ku kiko, bila kufikiri.

Saa ine ya asubuhi Mutale alipanda kutoka chini, uso mweupe na vumbi.

— Baba Kalaba, marto zinakohoa tu! Namna gani hii...

Alikuwa anaangalia mukono.

— Ushanga iko wapi?

Kalaba aligonga robine.

— Balikufunga ao hapana?

— Hapana.

— Wiki mbili! Mutale akarudi nyuma mupaka ku ukuta. Wiki mbili tunakula lufu yako mu pua, baba! Na shiye tunakuitikia kila asubuhi kama bajinga! Simamisha hii kintu.

— Siwezi.

— Simamisha!

— Asubuhi mulipasua jiwe na baruti ku tundu mupya. Moshi ingali mule. Bantu ngapi beko ndani?

Mutale akabahesabu na vidole. Beko kumi na mbili. Godefroid, mudogo yake wa tumbo moja, iko kati yabo.

— Moshi inasukumwa na tuyo yangu tu, Kalaba akasema. Nikisimamisha, batakufa mule. Nikiacha robine, mashini inapasuka, vilevile batakufa. Unaniona? Siwezi kutoka, siwezi kusimamisha. Niambie weye.

Mutale alitoka mbio mu mvua mupaka ku soko ya kambi, kwenye Delphine, ndugu ya marehemu, anauzisha mboga. Balirudi pamoja, banahema. Delphine alikuwa anafungua ncha ya kikwembe na meno.

— Bamulamu. Leo siulize. Mukono.

Kalaba alitoa ya kushoto.

— Ya kuume.

— Inashika robine.

Delphine alimuangalia Mutale. Mutale aliangalia robine kama nyoka. Kiisha alisogea, akaweka mukono yake juu ya mukono ya Kalaba, ile yenye aliogopa.

— Nishike namna gani?

— Polepole. Ikitetemeka, fungula. Ikitulia, rudisha kidogo. Usiniangalie mie, angalia mushale ya saa ile ya kupima nguvu ya mupepo. Ikirudi ku saba, marto zitapiga.

Kalaba aliondoa mukono ku robine. Delphine aliushika. Ulikuwa umeungua.

— Tano, Mutale akasoma ku mushale. Tano na nusu.

— Yaya Laurentine, Delphine akaanza, tunakuambia...

— Ngoja.

Balingoja. Mashini ilivuta, ikaminya, ikasukuma. Kalaba alikuwa anaangalia mulango, kama kule muntu amesimama. Midomo yake ilisogea, lakini mu kelele ile hakuna mwenye alisikia.

— Sita! Baba, sita!

— Funga, Kalaba akasema.

Delphine alifunga mafundo mbili. Alisema maneno yote ya ukoo, mupaka ya mwisho. Mushale ilifika saba.

Mutale alimurudishia robine. Kiisha alimushika mukono, alimusalimia, wa kwanza tangu kilio, akashuka kwa benzake.

Delphine naye alirudi ku mboga. Kalaba alibaki na mashini. Mupepo ilishuka muzuri. Alitafuta Laurentine mu nyumba ya mashini nzima, na macho tu, mukono ku robine. Hakumuona.