Leo mashini ilikatala kidole ya patron

Leo patron wetu alibakia inje ya depo yake mwenyewe, na sisi tulicheka mupaka machozi. 😂

Tunachambulaka kakao hapa Beni. Kwa mulango kuko mashini ya kusoma kidole. Ikikatala kidole yako, unabakia inje na siku yako imepotea.

Na kidole ya mutu wa kakao, munaijua: inateleza kama sabuni!

Mais hiyo ilikuwa shida kidogo. Kumbe alama ya bidole byetu ilikuwa inatumwa kwa kompani moja ya mbali, bila kutuuliza! Njo sisi wote tukakamata avocat mumoja, atushitakie patron. Patron akaona tribunal inakaribia, akakubali tupatane: bidole byote bifutwe, mbele yetu.

Donc asubui fundi amekuya. Sisi wote tuko inje, mulango imefungwa. Akafinya-finya mashini: "Byote bimefutika."

Vigelegele! Ata patron alipiga mikono. Kisha akatia kidole afungue mulango.

Tiiit!

Akapangusa kidole kwa shati.

Tiiit!

Fundi, na sauti ya chini: "Patron, mulisema byote..."

Na ufunguo? Iko ndani, juu ya meza yake. 🤦🏾

Wakati fundi anatoboa serrure ya mulango, Mama Masika, mukubwa wetu, akamuletea patron kiti kidogo na ndizi ya kuchoma. Sasa muniambie nani kati yenu angesubutu kumusemesha kama yeye:

"Ikala, patron. Hii njo fasi yangu, siku mashini inanikatala."