Sauti ya Kiti cha Nyuma

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Ndiyo maana kila nilipompeleka mama wa marehemu mke wangu kliniki ya macho Bariadi, alikaa nyuma yangu moja kwa moja, nami nikageuza kioo cha ndani kitazame dari. Kilichoruhusiwa kupita kati yetu ni sauti tu. Na sauti yake ilikuwa ya mke wangu, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa neno. Sioni haya kusema kwamba niliendesha ili niisikie. Nyumbani kwangu nilikuwa nakula ugali nikiwa nimesimama jikoni, maana kukaa mezani peke yangu kulinishinda.

Tatizo lilikuwa gari. Wahenga waliosema debe tupu haliachi kuvuma hawakupanda gari langu. Lilivuma tupu, likavuma limejaa. Kutoka kwake hadi Dutwa changarawe zilipiga sakafu, na tukishaingia lami matairi nayo yakaanza mlio wao. Nilijua anasema kitu huko nyuma, ila nikiuliza, nikimwita mama kwa Kisukuma, "Unasemaje, mayu?" alijibu, "Hapana, baba. Endesha tu."

Nikapakua kwenye simu programu ya kupima kelele. Nikailaza simu kwenye kiti cha pembeni, nikafunga vioo vyote, nikaenda Dutwa na kurudi kwa mwendo ule ule. Desibeli themanini na ushee. Nikasimama kando, injini ikiunguruma peke yake, namba ikashuka sana. Basi mwenye kosa ni barabara, si injini. Nilifurahi kama aliyemkamata mwizi wa kuku.

Fundi aliniambia kuna mazulia mazito ya kuzuia sauti, ila mpaka yaagizwe Mwanza. Mimi, mtoto wa wakulima wa pamba, niagize Mwanza kitu cha kuziba mlango? Nikafungua milango nikashindilia pamba iliyobaki stoo, na mbegu zake. Kelele ilipungua kweli. Kisha panya wakafuata mbegu, mvua ikafuata panya, milango ikanuka kama gunia lililooza. Nilipokuwa naichomoa, jirani aliniuliza kama msimu wa kuvuna umefunguliwa.

Mazulia yakaagizwa. Nikabadilisha raba za milango na matairi. Simu sasa ikasoma sitini na kitu, nami nikaisubiri siku ya kliniki kama mtoto anavyosubiri Krismasi.

Tulipoipita Dutwa nikamsikia. Hakuwa akisema nami. Alikuwa akimsimulia binti yake, kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu aliyekaa naye wakichambua mboga: ng'ombe mweupe amezaa, mvua imechelewa, macho yanazidi kufifia. Kisha akasema, "Mumeo shati linampwaya mgongoni. Hakuna anayemwangalia."

Ningenyamaza. Lakini ulikuwa umepita muda mrefu mno bila mtu kuniwazia, nikajikuta nasema, "Nipo salama, mayu."

Tukapita kijiji kizima.

"Kumbe unasikia," alisema.

Hakusema tena mpaka Bariadi, wala wakati wa kurudi. Nyumbani kwake, kati ya wakwe na wajukuu waliojaa uani, hakuwa na pa kuongea na marehemu bila kuambiwa anachanganyikiwa. Pake palikuwa kiti changu cha nyuma, ndani ya kelele, nami nilikuwa nimepaziba kwa bidii na vipimo.

Safari iliyofuata alinisalimia vizuri, akauliza habari za kazi, akanyamaza. Gari lilikuwa tulivu kuliko nyumba yangu. Nilivumilia mpaka lami. Hapo nikashusha kioo cha mlango wangu, nikashusha na cha upande wa pili, upepo na mlio wa matairi vikaingia vyote.

Sikusikia neno lolote. Nikajiambia anaongea, nikapunguza mwendo ili amalize.