Divai Iliyoishia Ndooni

Baba yangu alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa mzima. Akiomba kabla ya kula, chakula kilipoa. Alianza na sisi watoto mmoja mmoja, akaenda kwa majirani, wagonjwa, serikali na wasafiri walioko barabarani, na sisi tumefumba macho tukinusa maharagwe yakipoteza moto. Hakuna aliyethubutu kugusa kijiko kabla ya amina. Mimi nina haraka, ndivyo nilivyoumbwa, na nilikuwa naichukia ile sala. Leo ningetoa chochote niisikie hata nusu yake.

Sauti ilianza kukwama mwaka jana. Alisema ni vumbi. Baadaye akasema ni baridi ya Julai, kisha ni kazi ya kuimbisha kwaya. Tulipomfikisha hospitali kule Upper Hill, daktari hakuzunguka. Kuna uvimbe kooni, ni kansa, na njia iliyobaki ni kukata na kutoa kila kinachotoa sauti. Atakuwa anapumua kwa tundu la shingoni. Ataishi, Mungu akipenda, ila hataongea tena.

"Hata kunong'ona?" baba akauliza.

"Hata kunong'ona, mzee."

Baba akavaa kofia yake humo humo ndani ya ofisi ya daktari, jambo ambalo kwa kawaida angetugombeza tukilifanya. Upasuaji ukapangwa wiki iliyofuata.

Sasa niseme wazi kilichonichoma, maana nikinyamaza mtadhani nililia kwa ajili ya sauti tu. Kuna maneno ambayo baba alikuwa hajanipa, na yalihitaji mdomo wake.

Kwetu Ukikuyuni, msichana akiposwa, baba yake humpa pombe ya asali, muratina, na kumwuliza mbele ya wageni kama wazee wainywe. Akikubali, anaonja yeye kwanza. Kisha baba anavua kofia, anajaza kinywa funda moja na kuwapulizia kifuani yeye na bwana wake, vitone vitone, halafu anatamka baraka. Dada yangu alifanyiwa hivyo. Nguo yake ilibaki na madoa na akakataa kabisa kuifua. Siku yangu ilipofika, baba alikuwa ameokoka, ni mzee wa kanisa, pombe hata harufu yake hataki. Zikaletwa kreti za soda. Sikuona ubaya. Lakini nilimsikia shangazi akimwambia, "Hata soda inatosha kubariki. Hata maji." Baba alishika chupa yake ya soda ya machungwa bila kuifungua. Aliishika hivyo mpaka wageni wakaondoka.

Mume wangu ni Mkamba, na baba alikuwa ametaka mtu wa kwetu. Hakumfukuza wala kumtukana. Alipokea mahari, akamkaribisha nyama, na tangu siku ile akamwita "dereva", kwa sababu alikuja akiendesha gari. Miaka yote hiyo, dereva. Tulipomzika mtoto wetu wa kwanza, mchanga ambaye hata jina lilikuwa bado halijamzoea, sikumwambia mtu yeyote, lakini makaburini nilikuwa naiona ile chupa ya soda. Wahenga walisema radhi ni bora kuliko mali. Mahari yangu ilipokelewa, lakini radhi sikuipata.

Kwa hivyo daktari aliposema wiki ijayo, mimi nilisikia: wiki ijayo mlango unafungwa.

Safari ilikuwa wazo la mume wangu. Ana Landkruza kuukuu anayoipenda kuliko anavyoweza kuungama, na raha yake ni kuipeleka mahali ambapo gari lenyewe halitaki kwenda. Baba alikuwa amehamia kwetu Woodley ili awe karibu na hospitali. Jioni moja mume wangu akamwuliza, kwa adabu yake ile ya kuongea akitazama meza, "Mzee, kabla ya hospitali, kuna mahali ungetaka kuona?"

Baba alifikiri. Sauti yake wakati huo ilikuwa ya mtu anayeongea akiwa ndani ya debe. "Miaka hii yote nasoma habari za mizabibu kanisani," akasema. "Sijawahi kuona hata mmoja."

Mume wangu alikuwa anapajua mahali. Ni kisiwa kidogo kwenye ziwa kule Naivasha, na watu fulani wamepanda mizabibu hapo, wanakamua divai, na wageni wanaenda kuionja. Zamani kilishikana na nchi kavu, lakini maji yamepanda na sasa lazima gari liogelee kidogo. Mume wangu alilisema hilo la kuogelea kwa furaha ambayo sikuipenda.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi. Baba alikaa mbele, koti la kanisani, kofia, chupa ya uji mzito mapajani. Vitu vyepesi kama maji au chai vilikuwa vinaingia njia mbaya na kumkaba, kwa hivyo aliishi kwa uji. Ngong Road ilikuwa bado haijachangamka. Tulipita Karen, tukapanda Ngong, kisha mume wangu akaacha lami na kushuka upande wa nyuma ya vilima, kwa njia ya mawe na makorongo. Akaweka gia ndogo, gari likaanza kutambaa.

"Dereva," baba akasema, "hii barabara umeitafuta ama imekupotea?"

"Ndiyo hii, mzee."

"Hii ni mto. Umekauka tu."

Mahali fulani tulisimama kutazama bonde. Bonde la Ufa lote lilikuwa chini yetu, mlima Suswa ukiwa na wingu moja juu yake, na ng'ombe wadogo sana wakienda kunywa maji. Baba alisimama kwenye ukingo, mikono nyuma. Nikasogea karibu naye. Hapo ndipo nilipokuwa nimepanga kumwomba. Nilikuwa nimejifunza maneno bafuni kama mtoto wa kipaimara. Baba, nibariki kabla hujaenda. Maneno manne tu, hayakutoka. Baba wa kwetu haombwi baraka, ukiiomba umeshaiharibu.

"Nilidhani ni kubwa kuliko hivi," akasema kuhusu bonde. Lakini hakuondoka pale mpaka mume wangu alipowasha gari.

Pale ziwani njia iliingia majini na kutokea ng'ambo, kati ya miti iliyokufa imesimama. Mume wangu akazima gari. Akavua viatu, akakunja suruali, akakata fimbo na kuingia majini kwa miguu, polepole, akipapasa chini.

Baba akageuka. "Anaenda wapi?"

"Anapima njia, Baba. Hapitishi gari mahali hajapitisha miguu yake mwenyewe."

"Si hapa kuna viboko?"

"Wako."

Mume wangu alifika ng'ambo maji yakiwa mapajani, akasimama, akarudi kwa mstari ule ule. Mahali pamoja aliteleza na kuzama hadi kifuani, na mimi nikashika kiti cha mbele bila kujua. Baba alimwangalia mtu huyo akienda na kurudi, na nikaona mkono wake umetoka kwenye chupa ya uji na kushika mpini wa mlango, kama mtu anayejiandaa kushuka. Mume wangu aliporudi ndani, anatetemeka, amelowa, alisema tu, "Upande wa kushoto ni mzuri, mzee. Tutapita." Tulipoingia, maji yakagonga milango, na baba akakunja suruali yake ya kanisani mpaka magotini ingawa alikuwa ndani ya gari. Hilo lilinichekesha, na hakukasirika.

Mizabibu ilikuwa mistari michache kwenye mteremko. Baba aliushika mmoja, akageuza jani, akalinusa.

"Ni huu tu? Unafanana na mkarakara wa mama yako."

Tulikaa kwenye baraza la mabati. Msichana mmoja mwenye aproni alituwekea glasi na kutueleza: unazungusha, unanusa, unajaza kinywa, unaiacha izunguke ulimi, halafu unatema. Akaweka katikati ya meza ndoo ndogo ya bati.

"Mnatema?" baba akauliza. "Mtu amehangaika hivi, halafu mnatema?"

"Ndio, mzee. Ndio usilewe."

Baba akaiangalia ile ndoo kwa muda. Kisha akasukuma glasi yake mbele. "Niwekee."

"Baba," nikasema, "wewe umeokoka. Na daktari amesema..."

"Kwani nimesema nameza?"

Tulicheka wote, hata yule msichana. Naikumbuka sana hiyo dakika. Mume wangu alikuwa amevaa shati la akiba lililokunjamana, nywele bado zina maji, na alicheka huku ameinamisha kichwa ili asionekane anamcheka mkwe wake.

Baba akajaza kinywa. Akafumba macho. Kisha akasimama ghafla, kiti kikaanguka. Mashavu yamejaa, macho yanatoka machozi, kifua kimepanda, na mkono mmoja umemkamata mume wangu kwenye kola ya shati kana kwamba anaanguka. Nikajua amekabwa. Wiki nzima nilikuwa nalala nikisikiliza kama atakabwa. Nikaruka, nikashika ndoo, nikamwekea chini ya kidevu na kumpiga mgongoni kwa nguvu zangu zote.

"Tema, Baba. Tema."

Akatema. Yote ikaingia ndooni.

Baba aliangalia ndani ya ndoo, kisha akaniangalia mimi. Ndipo nikaona kofia. Haikuwa imeanguka, alikuwa ameivua, ameishika mkono wa pili. Na kwenye shati la mume wangu kifungo cha juu kilikuwa kimefunguliwa.

"Mtoto wa mama yako," akasema, "ulikuwa unakimbilia wapi?"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwa sauti yake. Nilimwambia, "Baba, chukua nyingine, tafadhali, chukua yangu," na nikamsogezea glasi. Alinyoosha mkono kuipokea. Lakini yale makofi ya mgongoni yalikuwa yameshaamsha kikohozi, na kikohozi kikaja na damu, na mume wangu akambeba hadi kwenye gari kama mtu anavyobeba bibi arusi. Kwenye maji alivua viatu tena akapima njia, haraka haraka safari hii. Baba alilala kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwangu. Damu ilikoma njiani, lakini alipojaribu kusema kitu tulipokuwa tunapita Karen, pumzi tu ikatoka. Nililia mpaka Woodley na sikujificha.

Kuanzia hapo sauti haikurudi. Asubuhi ya upasuaji nilisimama kando ya kitanda chake nikimtazama mdomo, na wauguzi wakapita kushoto na kulia, na wakamsukuma kwenda. Maji yakimwagika hayazoleki. Nimeisikia methali hiyo tangu shule ya msingi na sikujua kwamba inauma.

Upasuaji ulienda vizuri. Watu walitupongeza. Mimi nilimfuata daktari ukumbini na kumwuliza, kwa kuzungukazunguka, kama mgonjwa wa namna hii anaweza siku moja, kwa mfano, kupuliza kitu kwa mdomo. Alinitazama. Akasema hewa haipiti tena mdomoni. Hata mshumaa hawezi kuuzima. Nikamshukuru, nikaingia chooni, nikakaa.

Baba hakuandika chochote. Walimpa kibao na kalamu ya kuandikia akavisukuma chini ya mto. Mume wangu alikuwa anakwenda kila jioni akitoka kazini mjini, kumnyoa, kwa uangalifu, kuzunguka lile tundu. Wauguzi walidhani ndiye mwanawe wa kumzaa na hakuna kati yao wawili aliyewasahihisha.

Jumapili moja baada ya ibada tulikwenda pamoja, na chai ya chupa kwa ajili yetu, maana yeye alikuwa bado analishwa kwa mpira wa puani. Nilimimina vikombe viwili nikaviweka kwenye kijimeza. Baba akamwita mume wangu kwa kidole. Akamvuta karibu. Akafungua kifungo cha juu cha shati lake, na vidole vyake vilichukua muda, kwa sababu alikuwa amekonda na vilikuwa vinateleza. Kisha akavua ile kofia ya sufu ya hospitali, akalowesha vidole viwili kwenye ulimi wake, akavigandamiza kwenye kifua cha mume wangu. Akalowesha tena, akanigusa mimi, hapa, chini ya shingo. Nilitulia. Safari hii nilitulia.

Halafu akainua mkono wake na midomo ikaanza kwenda.

Tuliinamisha vichwa na kufumba macho, kama tulivyofundishwa. Hakukuwa na sauti yoyote, ila ile pumzi ya shingoni ikiingia na kutoka. Najua alianza na sisi. Najua alimtaja mtoto tuliyemzika, ingawa siwezi kuapa. Labda alipita kwa majirani, kwa wagonjwa, kwa walioko barabarani. Nilisubiri. Mume wangu akanigusa mkono.

"Amemaliza?" akanong'ona.

"Sijui," nikamwambia. "Usifungue macho."

Tukabaki hivyo, vichwa chini, tukiisubiri amina, na chai ikapoa kwenye vikombe.